Taka za nyumbani na sheria ya mazingira: mwongozo wa kuanzia jikoni hadi halmashauri

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala lililokuwa likifuka moshi, likinuka na kujaza nzi katikati ya makazi yao. Kesi hiyo, Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, ilipewa namba 299 ya mwaka huo, na Mahakama Kuu ikaamuru utupaji taka pale ukome. Halmashauri ikarudi kuomba muda zaidi, ikarudi tena, mpaka ilipofika mbele ya Jaji Lugakingira akakataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, wala hata mtu binafsi, ikienda mahakamani kifua mbele kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alisimamia Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Huko nako Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda mahakamani, wakashinda. Baada ya hapo ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, na leo malori yanapandisha Pugu Kinyamwezi.

Wakazi wa Tabata walikuwa na haki kabisa. Lakini ukiufuata ule mlolongo wa majalala unaona kwamba ushindi wa mtaa mmoja uligeuka kuwa harufu ya mtaa mwingine, kwa sababu mahakama iliweza kuzuia lori lisimwage mahali fulani, haikuweza kupunguza kilichomo ndani ya lori. Kilichomo kinatoka kwetu: maganda ya ndizi, chicha za nazi, chupa za maji, pampasi, viwembe, vyote vimeshindiliwa kwenye kiroba kimoja.

Sasa tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191. Vifungu vyake vinne, cha 4 hadi cha 7, ndivyo vitakavyotuongoza hapa. Cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Cha 6 kinampa wajibu wa kuyalinda mazingira na kuzijulisha mamlaka anapoona jambo la kuyadhuru. Cha 7 kinaorodhesha misingi: kuzuia madhara kabla hayajatokea, kuchukua tahadhari, mchafuzi kulipa, wananchi kushirikishwa, na kizazi hiki kutowabebesha wanaokuja mzigo wake. Mikutanoni nasikia sana watu wakikitaja cha 4, nadra mtu kukitaja cha 6. Ninachosema katika mwongozo huu ni kwamba wajibu ndio ufunguo wa haki. Kaya iliyokwisha kufanya sehemu yake, na inaweza kuonyesha kwa daftari na risiti, inaidai halmashauri kwa nguvu ambayo mlalamikaji wa barazani hana. Ndiyo sababu hatua zinaanzia ndani ya nyumba.

Msomaji wa Kenya atafuata njia hiyohiyo kwa sheria zake: Ibara ya 42 na ya 70 ya Katiba ya 2010, pamoja na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, ambayo imekwisha kuzitaka kaya zitenganishe zinazooza na zisizooza.

Hatua ya kwanza: zijue taka zako

Chukua turubai au gunia kuukuu, vaa glavu, mwaga kiroba cha wiki moja uani. Usimwachie dada wa kazi. Afanye mwenye nyumba mwenyewe, na watoto wakiwapo ni vizuri zaidi. Tenga mafungu: vinavyooza, plastiki, karatasi na maboksi, makopo na vyuma, chupa za vioo, pampasi na taulo za kike, na fungu dogo la vitu vya hatari. Kama una mizani ya jikoni, pima. Kama huna, pima kwa ndoo.

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam fungu la vinavyooza ndilo litakalokuwa kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wote. Ndilo pia linalonuka, linalotoa maji meusi chini ya kiroba, linaloita nzi, panya na mbwa, na linalochafua vingine: boksi kavu lina mnunuzi, boksi lililolowa mchuzi wa maharage halina. Likifika dampo na kufunikwa na mengine huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo ndiyo mafuta ya ile mioto ya dampo isiyozimika. Kwa hiyo kaya ikitaka kubadilisha kitu kimoja tu, ibadilishe hapa.

Andika ulichokiona kwenye daftari. Daftari hilohilo utalihitaji baadaye.

Hatua ya pili: zuia kabla

Msingi wa kuzuia unasema ni bora madhara yasitokee kuliko kuyatibu. Nyumbani maana yake ni kutoingiza kitakachokuwa taka. Kikapu cha ukili au mfuko wa kitambaa ukae mlangoni, si kabatini. Chombo cha kununulia maziwa, uji au supu utoke nacho nyumbani. Maji ya kunywa yachemshwe au yachujwe na kuwekwa kwenye dumu, badala ya katoni ya chupa kila wiki.

Kuhusu mifuko ya plastiki hakuna hiari. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na anayekutwa akiitumia anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Wengi hawajui kwamba kanuni zilezile ziliacha nafasi kwa vifungashio vya viwandani, vya tiba, vya kilimo na vya shughuli za taka. Kwa hiyo kiroba cha kuhifadhia taka si kosa. Vile vifuko vyepesi vinavyoonyesha vilivyomo, vinavyofungiwa karanga na nyanya sokoni, viliruhusiwa kama kifungashio, si kama mfuko wa kubebea. Muuzaji akikutilia mboga humo ili ubebe, mwombe aziweke moja kwa moja kwenye kikapu.

Hatua ya tatu: tenganisha, na ushughulikie kinachooza

Katika sheria ya 2004, kifungu cha 114 kinazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa taka kutenganishwa pale zinapozalishwa, na viwango vya vyombo vya kuzihifadhia. Halmashauri nyingi hazijalitekeleza hili mpaka mlangoni kwako, lakini hakuna kinachokuzuia kutangulia. Vyombo vitatu vinatosha: ndoo yenye mfuniko kwa vinavyooza, gunia kwa vikavu vinavyouzika, na kiroba kwa yanayobaki. Vyombo vitano vya rangi tofauti kama vya hotelini vitawachosha watu wa nyumba, mwezi haujaisha vitakuwa vimejaa ovyo.

Mwenye eneo, hata dogo, achimbe shimo la mboji la kina cha goti, upana wa hatua moja, mbali na kisima na ukuta wa jirani. Asiye na eneo atumie ndoo tupu za rangi, za lita 20. Nitaieleza njia hii kwa kirefu kwa sababu wanaoishi ghorofani na kwenye vyumba vya kupanga ndio wanaoambiwa kila siku kuwa mboji haiwahusu.

Tafuta ndoo mbili zenye mifuniko. Pasha msumari mkubwa moto, toboa matundu kumi hivi chini na mengine kuzunguka ubavuni, nusu ya juu. Weka beseni kuukuu chini yake lipokee maji. Tandika sakafu ya ndoo kwa majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa au maranda kutoka kwa fundi seremala, unene wa kiganja. Kila jioni tia maganda ya siku hiyo yakiwa yamekatwakatwa, kisha funika kwa vikavu vingi kuliko ulivyotia vibichi. Kanuni ya vipimo ni hiyo tu: kibichi kimoja, vikavu viwili. Harufu ikitoka, vibichi vimezidi. Ongeza maranda, geuza kwa kijiti. Ikiwa kavu na haiozi, nyunyiza maji. Kamata konzi na ulikamue: mkono ulowe lakini usitiririshe. Jivu la mkaa tia kidogo tu, konzi kwa wiki. Nyama, utumbo wa samaki, mafuta na wali uliobaki visiingie kwenye ndoo. Vitaleta funza na panya. Ndoo ikijaa, ifunge na uihamie ya pili. Baada ya miezi miwili au mitatu ya kwanza itakuwa udongo mweusi unaonukia kama shamba baada ya mvua. Yale maji ya beseni yachanganye na maji safi mara kumi, mwagia mchicha au maua.

Wenye kuku au jirani mfugaji wana njia fupi zaidi. Maganda ya ndizi mbichi, mabua ya mahindi na majani ya kabichi yana mwenyewe kabla jua halijazama.

Gunia la vikavu nalo lina wateja. Chupa za maji, makopo, vyuma chakavu na maboksi hununuliwa kwa kilo. Kama huna haja na fedha hizo, mpe anayepita akiokota, lakini mpe kikiwa kisafi na kimetengwa, ili asilazimike kupekua kiroba chako. Mtu huyu anafanya kazi ambayo sheria imewapa wenye ofisi na magari, naye haandikwi kwenye bajeti yoyote. Asalimiwe kwa heshima na asifukuzwe kama mwizi.

Nyumba ya wapangaji wengi ina shida yake. Vyumba vinane, choo kimoja, ndoo ya taka ya nani? Pale penye zamu ya kufagia uwanja, ingizeni na zamu ya ndoo: chumba chenye zamu wiki hii ndicho kinachofunika kwa maranda na kutoa kiroba siku ya gari. Mwenye nyumba anunue vyombo, wapangaji wavitunze. Liandikeni kwenye karatasi na kuibandika penye mita ya umeme, ambapo kila mtu hupita.

Hatua ya nne: vitu vya hatari na msingi wa tahadhari

Azimio la Rio la mwaka 1992, msingi wa 15, linasema kwamba pale palipo na tishio la madhara makubwa au yasiyorekebishika, kukosekana kwa uhakika kamili wa kisayansi kusiwe kisingizio cha kuahirisha hatua. Sheria yetu imeuchukua msingi huo. Nyumbani tafsiri yake ni nyepesi: usichokijua kitafanya nini kikichomwa, kikizikwa au kikimwagwa, usikichome, usikizike, usikimwage.

Simama siku moja karibu na vijana wa gari la taka. Kiroba kinarushwa juu, mmoja yuko ndani ya bodi la lori anakipasua kwa mikono mitupu ili atoe chupa kabla hakijafunikwa na kingine. Anapasua haraka kwa sababu lori halisubiri. Ndani ya kiroba kile kuna wembe uliotupwa bila kufungwa, glasi iliyovunjika jana, sindano ya mgonjwa wa kisukari. Kumlinda kijana yule kunataka chupa moja tu ya plastiki ngumu: tumbukiza humo viwembe, sindano na vipande vya glasi, funga kifuniko, zungushia gundi ya karatasi, andika HATARI kwa kalamu nene. Chupa ya sindano ipeleke kwenye kituo cha afya unakochukulia dawa, uwaombe waipokee pamoja na taka zao za tiba. Dawa zilizopita muda waulize haohao, au mfamasia. Usizimwage chooni wala kumpa jirani.

Betri za tochi na rimoti, simu zilizokufa, chaja, balbu za umeme kidogo zenye zebaki ndani, makopo ya dawa ya mbu: vyote vikae kwenye boksi moja mahali pa juu, mbali na watoto. Tangu mwaka 2021 taka za vifaa vya umeme na elektroniki zina kanuni zake nchini, na wakusanyaji wake wanatakiwa wawe na kibali. Mpe fundi simu anayetaka vipuri, au subiri mkusanyaji mwenye kibali. Usimpe anayechoma nyaya ili apate shaba. Moshi wa zile ngozi za plastiki una sumu inayokaa mwilini miaka.

Hatua ya tano: usihamishie madhara kwa mwenzako

Hapa pana makosa mawili tuliyoyazoea: kuchoma na kungoja mvua.

Anayechoma taka alfajiri anasema hana gari la taka. Ni kweli pengine hana, lakini moshi unaingia dirishani kwa mtoto mwenye pumu, na haki ya kifungu cha 4 ni ya mtoto yule pia. Kinachochomwa kwenye uwanja ni mchanganyiko: karatasi, nailoni, viatu, pampasi. Ukikwisha kutenga vinavyooza na vinavyouzika, utaona kinachobaki ni kidogo mno kiasi kwamba kinaweza kungoja gari wiki nzima bila kunuka. Pampasi zenyewe, kabla ya kuzitia kwenye kiroba, choo chake kimwagwe chooni kwanza; uzito unapungua na nzi pia.

Kungoja mvua ndilo kosa baya zaidi. Masika yakianza, watu wanafungua viroba kwenye mtaro, maji yanasomba. Yanakozipeleka ni Mto Msimbazi, na Msimbazi unapokwama kwenye makalavati wanaoamkia juu ya meza ni watu wa Jangwani na Kigogo. Kisha kinakuja kipindupindu, ambacho hakichagui aliyetupa na asiyetupa. Mkimwona mtu akimwaga mtaroni, kifungu cha 6 kinawapa wajibu wa kutoa taarifa. Anza kwa maneno mazuri ya ujirani; mtu mzima akumbushwe na mtu mzima mwenzake, pembeni, si mbele ya watoto wake. Asiposikia, ndipo mjumbe na mtendaji waambiwe.

Hatua ya sita: lipa, na udai risiti

Msingi wa mchafuzi hulipa watu wameuelewa vibaya pande zote mbili. Upande mmoja, anayelipa ada ya taka anadhani amenunua ruhusa ya kutupa atakavyo. Upande wa pili, asiyelipa anadhani ameikomoa halmashauri, kumbe amempunguzia mzoa taka mafuta ya gari. Ada ni gharama ya uchafu wako mwenyewe, ili isilipwe na anayeishi jirani na dampo kwa afya yake.

Kiwango kinawekwa na sheria ndogo za halmashauri, na hutofautiana baina ya nyumba ya familia, mgahawa, duka na gereji. Omba kuiona sheria ndogo hiyo kwenye ofisi ya mtaa au kata. Ni hati ya umma. Lipa kwa njia inayotoa risiti ya halmashauri au kwa namba ya malipo. Anayekusanya mkononi bila risiti usimpe, hata akija na fulana ya kampuni. Bandika risiti zako kwenye lile daftari, na pembeni andika mambo mawili: siku ambayo gari lilipaswa kupita, na siku lililopita kweli. Siku ambayo halikupita piga picha ya viroba vilivyolala barabarani, simu ikionyesha tarehe. Ndani ya miezi mitatu utakuwa na ushahidi ambao wakili yeyote angeupenda.

Kaya isiyo na uwezo kabisa, bibi anayelea wajukuu, mgonjwa asiyefanya kazi, isiachwe ikatupa usiku kwa aibu. Jambo lake lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa, aombewe msamaha wa ada kwa maandishi.

Mchafuzi pia si kaya peke yake. Aliyetengeneza chupa isiyorudi ana sehemu yake ya gharama. Kenya, kwa sheria yake ya 2022, imemwekea mzalishaji wajibu kwa bidhaa zake hadi zinapokuwa taka. Sisi wa Tanzania tuna haki ya kuuliza hilo kila mgombea anapokuja kuomba kura.

Hatua ya saba: ingia kwenye vikao

Ushirikishwaji wa wananchi ni msingi wa sheria, si hisani ya mwenyekiti. Sheria ya 2004 imeshusha usimamizi wa mazingira hadi ngazi ya kata na mtaa, pamoja na kamati. Uliza kamati ya mazingira ya mtaa wako ina nani na imekutana lini. Ikiwa ipo kwa jina tu, jitolee uwe mjumbe.

Mkutanoni usisimame na hotuba. Nenda na daftari na maswali matatu: mkataba wa mzoa taka wa mtaa wetu unasema apite mara ngapi kwa wiki? Ada iliyokusanywa mwezi uliopita ni kiasi gani? Eneo la kukusanyia taka limeidhinishwa na nani, na liko umbali gani kutoka shule na kisima? Omba majibu yaingie kwenye muhtasari. Jambo lisiloandikwa kwenye muhtasari, kwa mtazamo wa ofisi, halikusemwa.

Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi nayo itumieni. Wengi hufagia saa mbili, wakaacha rundo, upepo ukalirudisha. Kabla ya kufagia, mwenyekiti ahakikishe gari limeitwa.

Hatua ya nane: andika barua

Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Andika barua fupi, ya adabu, yenye ombi moja na muda. Mfano:

Afisa Mtendaji wa Mtaa,
Mtaa wa (jina),
Kata ya (jina).

K.K.: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: KUTOZOLEWA TAKA KATIKA MTAA WETU TANGU TAREHE (…)

Ndugu Mtendaji,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi wakazi wa eneo la (…), kaya (idadi), tumelipa ada ya taka kwa miezi (itaje), nakala za risiti zimeambatishwa. Kwa mujibu wa ratiba, gari hupaswa kupita kila (siku). Kwa kumbukumbu zetu, tangu tarehe (…) gari limepita mara (…) tu. Taka zimerundikana karibu na (shule, kisima, mtaro), picha zimeambatishwa.

Tunaomba, kwa kuzingatia kifungu cha 4 na cha 6 vya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na sheria ndogo za halmashauri yetu, taka hizo ziondolewe ndani ya siku saba, na tupatiwe kwa maandishi ratiba itakayofuatwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(majina, namba za nyumba na sahihi)

Nakala: Diwani, Afisa Afya wa Kata, Mkuu wa Idara inayohusika na usafi wa mazingira, Halmashauri.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Huo muhuri una thamani kuliko aya zote za barua. Anza na salamu. Ukimkuta mtendaji ni mtu mzima kuliko wewe, shikamoo haipunguzi uzito wa dai lako hata kidogo.

Siku saba zikipita kimya, andika tena ukirejea barua ya kwanza, safari hii kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa ofisi ya kanda ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Wakati huohuo mwombe diwani alipeleke kwenye kamati ya baraza inayoshughulikia mipango miji na mazingira. Barua mbili zenye mihuri, daftari, risiti na picha: mambo mengi huishia hapa, gari likaonekana.

Hatua ya tisa: mahakamani, ikibidi

Kifungu cha 5 kinaeleza unachoweza kuiomba mahakama: izuie au ikomeshe kitendo kinachodhuru mazingira, imlazimishe ofisa wa umma achukue hatua, iagize shughuli ifanyiwe ukaguzi wa mazingira, imwamuru mhusika ayarudishe mazingira katika hali yake, na iwape fidia walioumia. Chagueni mnachokihitaji. Wakazi wengi hukimbilia fidia kwanza. Mimi nashauri mtangulize amri ya kukomesha na ya kurejesha, kwa sababu ndizo zinazoondoa rundo.

Mambo matatu ya utaratibu msiyakose. Kwanza, kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kesi nyingi zimetupwa kwa kukosea hapa, kabla hakimu au jaji hajasikia neno moja kuhusu taka. Pili, mkiwa wengi wenye dai moja, ombeni kwanza ruhusa ya mahakama ili wachache wawawakilishe wengine. Bila hiyo majina yote yale hayana uzito. Tatu, tafuteni msaada mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria hadi ngazi za chini, na LEAT, chama cha wanasheria watetezi wa mazingira, kimekuwa kikishughulikia masuala haya tangu miaka ya 1990.

Mkishinda, ombeni amri yenyewe itaje tarehe ya mwisho, na itaje taka zitakakopelekwa. Walioshinda Tabata walilazimika kurudi mahakamani kupinga maombi ya muda zaidi. Kwa hiyo teueni watu wawili wa kufuatilia tangu siku ya hukumu, wenye daftari jipya: tarehe ya amri, siku ilizobakisha, magari yaliyoonekana, picha za kila wiki. Halmashauri ikija kuomba nyongeza, daftari hilo ndilo mtakaloliweka mezani kwa jaji.